Mkuu wa majeshi ya Congo: ametoka wapi, na kazi yake inaishia wapi?

Kila mara Rais anapobadilisha mukubwa wa jeshi kule Kinshasa, huku kwetu mashariki maulizo yanakuwa mengi. Watu wanauliza: huyu mupya ni wa jimbo gani? Ataleta amani? Wengine wanauliza jambo zito zaidi: kama soda amenipora ku barieri, ni huyo jenerali njo anapaswa kujibu? Na kama muji umeanguka, ni yeye njo amekosa?

Ni maulizo ya haki, sababu sisi wa mashariki njo tunalipa bei wakati amri ya jeshi haifike fasi inapopaswa kufika. Hapa chini tunaeleza cheo hiki ni nini, sheria inakipa uwezo gani, kilizaliwa namna gani, na nini hakimo katika mikono ya mwenye cheo hicho.

Wakubwa wawili, kazi mbili

Kwanza tutenganishe majina. Watu wengi wanasemaka "komanda wa jeshi" na wanachanganya watu wawili.

Rais wa Jamhuri njo amiri jeshi mkuu, yaani komanda mkubwa kabisa wa majeshi. Hiyo imeandikwa katika kipengele cha 83 cha Katiba ya 18 Februari 2006. Yeye hata kama hajawahi kuvaa uniforme hata siku moja, amri ya mwisho ni yake. Ni yeye anayeongoza Baraza Kuu la Ulinzi.

Mkuu wa majeshi, ule tunayemwita kwa Kifaransa chef d'état-major général, ni askari. Ni jenerali anayesimama juu ya wanajeshi wote wa FARDC, lakini chini ya Rais, na anafanya kazi pamoja na wizara ya ulinzi. Rais na serikali wanasema tunataka nini. Mkuu wa majeshi anatafuta namna gani ya kukifikia kwa njia ya kijeshi: askari wangapi, watoke wapi, wapite wapi, wale nini, waongozwe na nani.

Kwa mufano: kutangaza vita siyo kazi ya mkuu wa majeshi. Kipengele cha 86 cha Katiba kinasema ni Rais anayetangaza vita, kisha mambo kujadiliwa katika baraza la mawaziri, kisha kusikia maoni ya Baraza Kuu la Ulinzi, na kisha kupata ruhusa ya Bunge na Seneti. Mukubwa wa askari anapigana vita; hapana yeye anayeamua kama vita iwepo.

Anachaguliwa namna gani?

Kipengele cha 81 cha Katiba kinasema Rais anamuweka na kumuondoa mkuu wa majeshi kwa pendekezo la serikali, kisha baraza la mawaziri kujadili, na kisha kusikiliza Baraza Kuu la Ulinzi. Ni vile vile kwa wakuu wa matawi na makomanda wa vikosi vikubwa. Ni kwa ordonansi ya Rais, ile tunaisikiaka ikisomwa ku televisheni ya taifa, mara nyingi usiku.

Hakuna muda uliowekwa wa kazi hiyo. Mutu anaweza kukaa mwaka mumoja, anaweza kukaa karibu miaka 10. Na hapigiwi kura na mutu yeyote.

Juu ya ile ulizo ya "ni wa jimbo gani", Katiba ina jibu. Kipengele cha 189 kinasema kwamba askari wa ngazi zote, na makomanda pia, wachaguliwe kwa kuangalia afya ya mwili, masomo ya kutosha, tabia njema, na majimbo yote yawe na sehemu yao kwa usawa. Kwa hiyo jimbo la mutu ni jambo moja kati ya mengine. Na kipengele cha 188 kinaongeza kwamba jeshi ni la Jamhuri, linatumikia taifa zima, halina chama, na liko chini ya uongozi wa raia. Jenerali akitoka kwenu, si jeshi limekuwa la kwenu.

Kazi yake ya kila siku

FARDC ina matawi matatu: jeshi la nchi kavu, jeshi la anga na jeshi la maji. Kila tawi lina mkuu wake. Mkuu wa majeshi anakaa juu yao wote. Pembeni yake kuna wasaidizi wawili wakubwa: mumoja anaangalia operesheni na upelelezi, mwengine anaangalia utawala na lojistiki, yaani watu, chakula, mafuta, risasi na magari.

Chini yao inchi imegawanywa katika zone tatu za ulinzi, na ndani ya zone hizo kuna rejo za kijeshi. Wasikilizaji wa Kivu ya Kaskazini wanaijua rejo ya 34. Wale wa Kivu ya Kusini wanaijua ya 33. Wale wa Ituri wanaijua ya 32. Zaidi ya hapo kunawekwa operesheni za pekee, kama Sokola 1 upande wa Beni na Sokola 2 upande wa Masisi na Rutshuru.

Kwa hiyo amri moja ya Kinshasa inapita mikono mingi mbele ya kufika kwa soda anayelala katika hema kule juu ya kilima. Kila mkono unaweza kuipeleka mbele, kuichelewesha, ao kuigeuza. Hapo njo shida nyingi zinazaliwa.

Kuna pia Garde républicaine, kikosi kinachomulinda Rais. Hicho kinasikia kwanza Rais. Na tangu 6 Mei 2021, wakati hali ya dharura ilipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, magavana wa majimbo haya mawili wamekuwa watu wa uniforme. Gavana wa kijeshi si mkuu wa majeshi: yeye anawekwa na Rais juu ya kuongoza jimbo. Ni kweli lakini kwamba kwa macho ya raia, wote wanaonekana "wakubwa wa jeshi", na ni rahisi kuwachanganya.

Mizizi: jeshi lililozaliwa bila ofisa mukongomani

Ili kuelewa kwa nini cheo hiki kina uzito vile, turudi nyuma.

Jeshi la kwanza la inchi hii liliitwa Force Publique. Lilianzishwa miaka ya 1880, wakati Léopold II wa Ubelgiji alikuwa anasema Congo ni mali yake. Halikuundwa juu ya kulinda raia. Liliundwa juu ya kushika inchi na kulazimisha watu kuleta mpira na pembe za ndovu. Maofisa walikuwa wazungu. Askari walikuwa watu weusi.

Askari hao walikuwa mashujaa. Mwaka 1916 walifika mpaka Tabora, katika Tanganyika ya Wajerumani. Mwaka 1941 walipigana Ethiopia na kushinda Waitaliano kule Saio. Lakini ushujaa haukuwapa vyeo. Mpaka siku ya uhuru, 30 Juni 1960, katika jeshi la watu karibu 25,000 hapakuwa hata ofisa mumoja mukongomani. Mukongomani hakupita kiwango cha ajida.

Komanda wa mwisho wa Force Publique alikuwa mubelgiji, Luteni Jenerali Émile Janssens. Siku 5 kisha uhuru, tarehe 5 Julai 1960, aliwakusanya askari Léopoldville na kuandika ku ubao kwamba kwao mambo ya kisha uhuru yatakuwa sawa na yale ya mbele ya uhuru. Alitaka kusema nidhamu haibadilike. Askari walisikia kitu kingine: kwamba uhuru si wao. Uasi ulianza huko, ukafika Thysville, ile leo tunaita Mbanza-Ngungu, kisha ukasambaa inchi yote.

Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimufukuza Janssens. Katika siku chache tu jeshi likapewa jina jipya, Armée nationale congolaise, na likapata komanda wa kwanza mukongomani: Victor Lundula, aliyekuwa sajenti zamani katika Force Publique na kisha burgumestri wa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Alipandishwa moja kwa moja mpaka jenerali. Pembeni yake, kama mkuu wa etamajori, Lumumba aliweka kijana mumoja aliyepita jeshini na katika kazi ya gazeti: Kolonele Joseph-Désiré Mobutu.

Hapo cheo cha mkuu wa etamajori kilipata sura yake ya Congo. Tarehe 14 Septemba 1960, miezi miwili na nusu kisha uhuru, Mobutu alitangaza kwamba anasimamisha wanasiasa. Tarehe 24 Novemba 1965 alichukua mamlaka yote. Kutoka siku ile, kila kiongozi wa inchi amejua jambo moja: mutu anayeshika etamajori anaweza pia kushika inchi.

Woga wa Rais juu ya jenerali wake

Mobutu alijua njia hiyo sababu aliipita yeye mwenyewe. Kwanza alimuacha mzee wake wa jeshini, Jenerali Louis Bobozo, kuwa komanda wa jeshi, mpaka 1972. Lakini kadiri miaka ilivyopita, nguvu ya kweli ilihama. Jeshi la kawaida, ambalo liligeuka Forces armées zaïroises, lilibaki na mushahara kidogo na silaha za zamani. Kikosi cha Rais, DSP, njo kilipata makuta na vyombo vizuri. Mkuu wa etamajori alikuwa na nyota ku mabega, lakini vikosi vyenye nguvu vilikuwa na bwana mwengine.

Matokeo tuliyaona kwa macho. Septemba 1991 na Januari 1993 masoda wasiolipwa walipora miji. Mwishoni mwa Oktoba 1996 Bukavu ilianguka, na siku chache baadaye Goma nayo, mbele ya AFDL na jeshi la Rwanda. Masoda wengi walikimbia, na njiani walipora raia wao wenyewe. Mkuu wa etamajori, Jenerali Eluki Monga Aundu, aliondolewa. Nafasi yake ilichukuliwa na Jenerali Mahele Lieko Bokungu, ofisa aliyeheshimiwa. Lakini huwezi kujenga jeshi kwa miezi mitano. Usiku wa 16 kwenda 17 Mei 1997, Mahele alienda Camp Tshatshi, Kinshasa, akitaka kuepusha damu kumwangika mujini. Aliuawa pale pale, na watu wa upande wake.

1998: mkuu wa majeshi aliyetoka inchi nyingine

Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa, aliyeongoza etamajori alikuwa James Kabarebe, ofisa wa Rwanda. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa kama jeraha. Julai 1998 Kabila alimuondoa, akamuweka Célestin Kifwa, na mwisho wa mwezi ule akaamuru askari wa Rwanda warudi kwao. Tarehe 2 Agosti 1998 vita ya pili ilianza, hapa hapa Kivu.

Hatusemi vita ilikuja juu ya kiti kimoja tu. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini historia hii inaeleza kwa nini ku sisi ulizo ya "huyu jenerali anasikia nani?" si ulizo la ukabila tu. Ni ulizo la uhuru wa inchi. Na linapaswa kuulizwa bila kuhukumu mutu juu ya kabila ao lugha yake, bali kwa kuangalia matendo yake na viapo vyake.

FARDC: jeshi moja, minyororo mingi

FARDC ilizaliwa mwaka 2003, kisha mapatano ya Sun City na Pretoria. Waliokuwa maadui waliambiwa wavae uniforme moja: askari wa serikali, wa RCD, wa MLC, wa Mai-Mai na wengine. Kazi hiyo iliitwa brassage. Mwaka 2007 Kivu ya Kaskazini ilijaribu njia nyingine, mixage, na watu wa CNDP. Mwaka 2009, kisha mapatano ya 23 Machi, CNDP iliingizwa ndani ya jeshi.

Shida ni kwamba wengi waliingia na makomanda wao, na waliendelea kusikia makomanda wale wale. Ku karatasi kulikuwa munyororo moja wa amri. Chini kulikuwa minyororo mingi. Mwaka 2012 wengine walitoka tena, wakaunda M23, jina lililotoka ku ile tarehe ya mapatano.

Wakuu wa majeshi tangu 2003 ni hawa: Liwanga Mata Nyamunyobo mpaka 2004, Kisempia Sungilanga Lombe mpaka 2007, Dieudonné Kayembe mpaka 2008, Didier Etumba kutoka 2008 mpaka 2018, Célestin Mbala kutoka 2018 mpaka 2022, Christian Tshiwewe, aliyetoka Garde républicaine, kutoka Oktoba 2022 mpaka Desemba 2024. Tarehe 19 Desemba 2024 Rais Félix Tshisekedi alimuweka Jules Banza Mwilambwe.

Sasa weka orodha hiyo pembeni ya kalenda yetu ya mashariki. 2004: Bukavu inashikwa na Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, mwaka ule ule mkuu wa majeshi anabadilishwa. 2008: CNDP inafika mulangoni pa Goma mwisho wa Oktoba, Novemba mkuu wa majeshi anabadilishwa. 2022: M23 inashika Bunagana mwezi wa Juni, Oktoba mkuu wa majeshi anabadilishwa. Mwaka 2012, wakati Goma ilishikwa tarehe 20 Novemba, Etumba alibaki, lakini mkuu wa jeshi la nchi kavu, Gabriel Amisi, alisimamishwa. Na Banza hakufikisha miezi miwili ku kazi wakati Goma ilianguka Januari 2025 na Bukavu Februari.

Tunaona nini? Kiti cha Kinshasa kinatikisika wakati mashariki inatikisika. Lakini kubadilisha mutu ku kiti hakujatosha peke yake kusimamisha vita. Mwaka 2013 M23 ilishindwa mkuu wa majeshi akiwa ule ule wa 2012. Kilichobadilika ni mambo ya chini: makomanda wa uwanja waliokaa na askari wao, kama Kolonele Mamadou Ndala ambaye watu wa Goma walimupenda, chakula na risasi vilifika, na kikosi cha MONUSCO kilisaidia. Mamadou Ndala aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na mpaka leo watu wanamukumbuka.

Mushahara: vita isiyoonekana

Jenerali anaweza kuwa na akili nyingi. Kama soda hajakula, amri haitembei. Kwa muda mrefu makuta ya mushahara yalipita mikononi mwa makomanda: yanatoka Kinshasa, yanapita kila ngazi, na kila ngazi inakata. Komanda alikuwa na faida kutangaza askari ambao hawako, sababu mushahara wao unabaki mufukoni.

Kutoka 2005, kwa musaada wa misioni ya Umoja wa Ulaya iliyoitwa EUSEC, serikali ilianza kuhesabu askari mumoja mumoja na kutenganisha njia ya makuta na njia ya amri. Baadaye mishahara ilianza kupita ku benki. Hiyo ilipunguza wizi, haikuumaliza. Masoda wanaoishi na familia zao katika mahema, wakiuza makala ao kusimamisha watu ku barieri, ni alama kwamba kazi bado. Kosa la soda anayepora linabaki kosa lake. Lakini mkubwa anayejua na kunyamaza, naye ana lake.

Kama umeumizwa na mwenye uniforme, uende wapi?

Mkuu wa majeshi hakati kesi. Haki ya kijeshi ina nyumba yake, kwa sheria za 18 Novemba 2002. Askari mpaka kapiteni anahukumiwa na tribinali ya kijeshi ya garnizo. Kutoka majori mpaka kolonele ni korti ya kijeshi. Majenerali, hata mkuu wa majeshi mwenyewe, wanahukumiwa na Korti Kuu ya Kijeshi kule Kinshasa. Anayepokea mashitaki ni oditere wa kijeshi.

Kwa hiyo, fasi ambapo ofisi ya oditere inafanya kazi, peleka mashitaki huko. Andika siku, saa, fasi, kikosi kama unakijua, jina ao cheo kama ulikiona, na majina ya mashahidi waliokubali. Kama umejeruhiwa ao umebakwa, pita hospitali kwanza na uombe karatasi ya munganga. Matunzo ndani ya saa 72 yanaweza kuokoa maisha. Kama unaogopa kwenda peke yako, shirika la raia ao watetezi wa haki za binadamu wanaweza kukusindikiza.

Na kwa wale wenye uniforme wanaotusoma: kipengele cha 28 cha Katiba kinasema hakuna mutu analazimishwa kutimiza amri ambayo ni wazi inavunja sheria. "Mukubwa njo alisema" haitoshi kama jibu mbele ya hakimu.

Basi, tumungojee nini mkuu wa majeshi?

Siyo miujiza. Mutu mumoja hawezi kufuta historia ya miaka zaidi ya 130 ya jeshi ambalo lilizaliwa juu ya kukandamiza raia. Lakini kuna vitu ambavyo ni kazi yake, na tuna haki ya kuviuliza: askari wa mbele wanakula? Komanda anayeuza risasi anaondolewa ao anahamishwa tu? Amri moja inasikilizwa na vikosi vyote, pamoja na wale wanaopigana pembeni ya jeshi? Raia anaposhitaki, komanda wa eneo anamuleta mshitakiwa ao anamuficha?

Wakati ordonansi nyingine itasomwa usiku ku televisheni, usiulize tu jina na jimbo. Ungojee miezi michache, kisha uangalie barieri iliyo karibu na kwenu. Huko njo utajua kama amri imefika.